Mashua ya Baba na Rangi ya Sumu

Ufuo wetu upande wa Karungu ulinuka omena, wale dagaa wa ziwani, tangu asubuhi hadi jua kuzama, lakini mwaka ule ninaukumbuka kwa harufu nyingine kabisa. Ilikuwa harufu ya rangi kuukuu iliyokwanguliwa: kama sarafu iliyofumbatwa kiganjani mpaka mkono ukatoka jasho, ikichanganyika na grisi na kitu kingine kikali ambacho sikuwa na jina lake. Harufu hiyo ilikaa puani, ikakaa kwenye nywele, ikafika hata kwenye ugali ikiwa mtu hakunawa vizuri. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, mwenye miguu mirefu na maswali marefu kuliko miguu. Mama alipenda kuwaambia watu kwamba nilizaliwa nikiuliza, na kwamba mkunga alipokosa jibu ndipo aliponipiga kofi nikalia. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati gugu maji lilikuwa limeanza kufunga ghuba ya Homa Bay, na kwetu huku bado tuliliona likipita mbali, vipande vya kijani vilivyosukumwa na upepo kama visiwa visivyojua viende wapi.

Mashua ilifika juu ya lori la chumvi. Dereva alikuwa akitoka Mombasa kwenda Migori mjini, akakubali kukata kona na kuteremka kwetu kwa sababu baba alikuwa amempigia hadithi njia nzima. Watoto tulilikimbilia lori kutoka kila boma. Vyombo tulivyovizoea ni mitumbwi mirefu ya mbao yenye pua iliyochongoka, imepakwa rangi za kila namna na kuandikwa majina ya watu na maneno ya Biblia. Hiki kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa kifupi, kipana, chenye tumbo la mviringo, na mkuku wake ulitokeza chini kama uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Kuanzia kiunoni kwenda juu kilikuwa cheupe. Kuanzia kiunoni kwenda chini kilikuwa chekundu, wekundu uliofifia wa tofali lililonyeshewa miaka mingi. Mtu mmoja nyuma yangu alisema ni rangi ya damu iliyokauka, na wengine wakarudi nyuma hatua kidogo. Mimi nilisogea mbele, nikagusa. Kidole kilirudi chekundu.

Baba yangu watu walimwita Fundi Owino. Tangu kabla sijazaliwa alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya mashua huko Mombasa, akipaka na kukwangua matumbo ya vyombo vya watu, na kwetu alikuja wakati wa Krismasi tu. Mwaka ule alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Mwenye mashua hiyo ndogo, mzee aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo, alimwachia kwa sababu ilikuwa imekaa juu ya mawe kwa muda mrefu na hakuna aliyeitaka. Siku zile wanaume wengi walikuwa wakirudi nyumbani kutoka mijini, huyu na godoro, yule na redio. Pale sokoni Sori palizuka mzaha: wengine wamerudi na mabati, Owino amerudi na karai. Baba alicheka pamoja nao. Lakini nyumbani, akiwa ameketi na mama, alieleza jinsi atakavyovusha abiria kutoka ufuo wetu hadi kisiwa cha Mfangano na vijiji vya pwani ya ziwa, watu ambao walizoea kungoja mitumbwi ya wavuvi mpaka wavuvi wenyewe wapende. Alieleza huku akikohoa kikohozi kikavu alichorudi nacho, ambacho sisi tulidhani ni cha kubadilisha hewa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba Anyango, usione vyaelea, vimeundwa. Kwanza kielee."

Ili kielee vizuri, rangi ya chini ilipaswa kutoka. Ilikuwa imevimba na kupasuka kama ngozi ya mti, na baba alisema ukipaka mpya juu ya iliyooza, zote mbili zitabanduka. Aliilaza mashua ubavu kwenye mchanga, si mbali na maji, akaanza. Alikuwa na skrepa ya kukwangulia aliyoitengeneza kwa tupa kuukuu, brashi ya waya, na msasa alionunuliwa na binamu yake Homa Bay mjini. Kijana mmoja mvuvi aliyeitwa Ouma alipita akashauri waimwagie mafuta ya taa na kuichoma tu, imalizike kwa asubuhi moja. Baba alimkatalia kwa ukali ambao sikuuzoea. Alisema alishamwona mtu Mombasa akiichoma rangi kama hiyo kwa moto, akavuta ule moshi, akaanguka kama gunia. Nililihifadhi neno hilo kichwani. Rangi inayoangusha watu.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili na mvua ilikuwa imechelewa, kwa hiyo nilishinda pale. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la misumari na kutopea mchangani. Nilichogundua upesi ni kwamba wekundu haukuwa peke yake. Chini ya nyekundu kulikuwa na samawati, chini ya samawati kulikuwa na nyeusi, na mahali skrepa ilipozama zaidi palitokeza kijani kama cha jani la mgomba. Niliokota vipande nikavitazama ubavuni, tabaka juu ya tabaka, nikataka kujua nani alipenda samawati na kwa nini aliyemfuata aliona heri nyeusi. Baba alijibu mengi. Swali langu moja ndilo lililomfanya asimamishe mkono.

"Mbona inaacha vidole vyekundu?" nilimuuliza. "Rangi ya mlango wetu haiachi."

"Rangi ya mlango imetengenezwa ishike," alisema. "Hii imetengenezwa iachie. Baharini kuna vidude vyenye magamba magumu, vinakuja kujibandika chini ya chombo, vinazaana hapo, mpaka chombo kinakuwa kizito kama nyumba. Sasa rangi hii inatoa sumu kidogo kidogo. Kidude kikija, kinakufa. Sisi tuliiita rangi ya sumu."

"Na ziwani vidude hivyo vipo?"

"Havipo. Haya ni maji matamu."

"Basi sumu itaua nini?"

Hapo ndipo aliposimamisha mkono. Alipuliza vumbi kwenye ubao, akanitazama. "Sumu yake imeshalala," alisema. "Rangi hii ikitolewa majini ikakaa juani, inakufa. Ndivyo tulivyoambiwa." Akaendelea kukwangua. Niliondoka na lile swali kama mtoto anavyoondoka na mwiba mguuni. Sumu hulala? Na ikilala, huota nini, na huamshwa na nini?

Wakati huo upepo wa mchana ulikuwa ukivuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na kati ya mashua na nchi kavu kulikuwa na nyavu za kuanikia omena. Wanawake wa ufuo wetu walizitandaza pale kila siku, omena wakametameta kama kioo kilichopondwa, na wachuuzi walikuja na magunia kuwabeba hadi Migori, Rangwe na kwingineko. Mama alikuwa mmoja wao. Kiongozi wao alikuwa Mama Pilista, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye hata wavuvi walipunguza matusi akipita. Siku baba alipoacha skrepa na kuanza kusugua kwa msasa mkavu, hewa yote iligeuka nyekundu. Ilikuwa ya kupendeza, nakiri, kama jioni iliyoshuka mchana. Kisha tukamwona Mama Pilista akija, ameshika omena wachache kwenye kiganja. Waliyoyasema yalisemwa kwa Kidholuo, nami nayaeleza hapa kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"Shemeji," alisema, "samaki wangu wameota tetekuwanga."

Baba alitazama. Kila omena alikuwa na vidoa vyekundu. "Ni vumbi tu, shemeji. Linaoshwa."

"Vumbi la nini?"

Baba hakuwa mtu wa kusema uongo, na nadhani pale alitamani angekuwa. "La rangi ya sumu," alisema. "Lakini sumu yake imeshalala."

"Imelala," Mama Pilista alirudia polepole. "Na mchuzi wa moto ukiiamsha?"

Wanawake wengine walikuwa wameshakusanyika. Baba aliwaambia kwamba ameishika rangi hiyo kwa mikono yake miaka yote, akala kwa mikono hiyo hiyo, na huyu hapa amesimama mbele yao. Alisema kweli tupu, kwa jinsi alivyoijua. Mama Pilista hakupandisha sauti. Alisema kwamba neno moja likifika Migori, kwamba omena wa ufuo huu wana sumu, hakuna mchuuzi atakayeteremka tena, na watoto wa hapa watarudishwa nyumbani kwa kukosa karo shule zikifunguliwa. Akampa mpaka siku ya soko: ama aoneshe kwamba kitu hicho hakidhuru, ama karai lake liondoke ufuoni na lisirudi. Niliwatazama wote, kisha nikamtazama mama. Alikuwa amesimama katikati, nusu hatua kwa mumewe na nusu hatua kwa wenzake, na aproni yake ilikuwa na omena wenye vidoa.

Jioni hiyo niliyapima maneno ya pande zote mbili. Kwangu jambo lilionekana rahisi: wao walikuwa wakibishana kuhusu kitu ambacho kingeweza kuulizwa chenyewe. Kesho yake nilikwenda kwenye kidimbwi cha kijito ambako ng'ombe walinyweshwa, nikavua viluwiluwi vya vyura kwa kitambaa cha kichwa. Nilivigawa kwenye mikebe miwili, nikaiweka nyuma ya jiko penye kivuli. Kwenye mkebe mmoja nilitia konzi la vipande na vumbi jekundu kutoka chini ya mashua. Mwingine niliuacha na maji yake. Nilichutama hapo mpaka magoti yakauma. Viluwiluwi vilizunguka, vikagonga kingo kwa vichwa vyao vya mviringo, na kwa muda mrefu hakukuwa na tofauti yoyote kati ya mkebe na mkebe. Nilifurahi kwa ajili ya baba. Asubuhi vile vya maji matupu vilikuwa vikizunguka bado. Vile vya rangi vilikuwa vimelala juu ya maji, matumbo meupe yakitazama mbingu.

Nilimwita mama. Alikuja na mwiko mkononi, akainama. Nilidhani atanigombeza kwa kuua viumbe, au atakimbia kumwambia Mama Pilista. Badala yake aliuliza, "Mkebe huu ulikuwa na nini zamani?"

"Mafuta ya kupikia."

"Na huu wa waliokufa?"

"Sijui. Niliuokota."

"Basi hujui umewaua kwa nini," mama alisema. "Labda mkebe ndio mbaya. Ioshe yote kwa jivu, uvue wengine, kisha uibadilishe. Uliokuwa wa rangi uwe wa maji. Na usimwage rangi hivyo kama mtu anayelisha kuku. Tia kidogo, kama chumvi ya mboga."

Mpaka leo sijui mama alilipata wapi wazo hilo. Hakuwa amesoma zaidi ya madarasa ya chini, na alipenda kusema kwamba maswali ni ugonjwa wangu peke yangu. Lakini asubuhi iliyofuata alifika kwenye ile mikebe kabla yangu. Nilimkuta amechutama, kanga imebanwa magotini, akitazama vilivyo hai vikizunguka ndani ya mkebe niliouokota, na vilivyokufa vikielea ndani ya ule wa mafuta. Aliibeba yote miwili, mmoja kila mkono, akateremka ufuoni akiitembeza kwa uangalifu kama mtu anayepeleka uji kwa mgonjwa, nami nikamfuata.

Baba alikuwa akinoa skrepa. Mama aliweka mikebe mbele yake, akaeleza yote, hata habari ya jivu na ya kubadilisha. Baba alitazama ndani ya huu, akatazama ndani ya ule, akarudia. "Uliweka kiasi gani?" aliniuliza.

"Kama chumvi ya mboga."

Aliketi kwenye mchanga. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa mara moja: alifungua viganja vyake akavitazama. Kwenye mistari ya viganja vya baba kulikuwa na wekundu ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Nilikuwa nimeujua tangu utotoni, kila Krismasi aliponibeba, na nilidhani ndivyo viganja vya akina baba wote vilivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, wasemavyo, na cha baba kilikuwa karibu zaidi ya nguo.

"Walituambia inalala," alisema.

"Nani?" mama aliuliza.

"Wote. Na mimi nikawaambia waliokuja nyuma yangu." Akakohoa.

"Kikohozi chako kimetoka humo?" nilimuuliza. Mama alinishika bega ili ninyamaze, lakini baba alitikisa kichwa.

"Mwache aulize," alisema. "Sijui, Anyango. Kweli sijui." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akilisema neno hilo bila hasira. Alilisema kama mtu anayetua mzigo chini ili aone umebeba nini.

Akainuka, akaichukua mikebe mwenyewe, akawaendea wanawake kwenye nyavu. Hakuzunguka. Aliwaonyesha, akasema, "Rangi haijalala. Nilidhani imelala, lakini haijalala." Walipokezana mikebe. Wapo waliotaka kuelezwa tena, nami nilieleza, na Mama Pilista akauliza swali lile lile la mama kuhusu mikebe, nikafurahi kuwa na jibu. Kisha mama akaenda kwenye wavu wake, ule uliokuwa karibu zaidi na mashua, akauinua pembe moja akaanza kumwaga omena wake kwenye shimo. Wengine waliokuwa upande huo wakafanya hivyo hivyo. Ilikuwa kazi ya juma zima ikiingia ardhini, na sikuona aliyelaani, ingawa mmoja alilia. Mama Pilista alipomaliza kufukia alijipangusa mikono akamgeukia baba.

"Sasa iondoe hapa," alisema. "Lakini usiiache ikuozee nyumbani, shemeji. Na sisi tunataka kufika Mfangano bila kuwabembeleza hawa wavuvi."

Wanaume waliisukuma mashua juu ya magogo mpaka kwenye boma letu, mbali na maji, Ouma akiwa mbele akiimba ili wavute pamoja. Baba alianza upya, na safari hii alifanya kazi kama mtu anayejifunza. Alitandaza maturubai chini ya mashua yote, akakunja kingo zake ziwe kama ukuta mdogo. Hakugusa tena msasa mkavu. Mama aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, baba akakwangua huku umelowa, na rangi ikateremka kama tope zito badala ya kuruka. Walijifunga vitambaa puani. Kuku walifungiwa, nami nilipewa kazi ya kuhakikisha hakuna anayegusa chakula kabla ya kunawa mpaka viwiko, kazi niliyoifanya kwa ukali wa askari wa barabarani. Tabaka zilitoka moja baada ya nyingine, nyekundu, samawati, nyeusi, kijani, kisha kitu cheupe kama unga, na mwisho wa yote ubao wenyewe, rangi ya asali, ukiwa na harufu ya mti kana kwamba ulikatwa mwezi uliopita. Nilibandika shavu langu hapo. Baba alicheka, akakohoa, akacheka tena.

Kilichobaki kilikuwa lile tope, limejaa kwenye maturubai, na baba akaamua kulichanganya na saruji ndani ya pipa ligande humo humo. Siku aliyokwenda Sori kutafuta saruji ndiyo siku mvua iliyochelewa iliamua kuja. Tuliliona wingu likisimama juu ya ziwa upande wa mpaka wa Tanzania, jeusi chini na jeupe juu, na upepo ukageuka baridi. Boma letu liko kwenye mteremko, na mteremko huo unaishia kwenye kijito, na kijito kinaishia ufuoni, mahali ambapo kila nyumba ilichota maji. Mama alishika pembe moja ya turubai, nami nikashika nyingine, tukavuta. Halikusogea. Lilikuwa limelemewa na tope na maji, na kila tulipovuta, ukuta wa kingo ulizama na kijito kidogo chekundu kikajaribu kutoka. Mama alianza kuchota kwa sufuria akijaza ndoo, lakini ilikuwa kama kukausha kisima kwa kijiko. Matone ya kwanza yalianguka juu ya mabati kama kokoto.

Ndipo niliposikia miguu. Mama Pilista alikuja akikimbia njia ya ng'ombe, leso yake imefungwa kiunoni, na nyuma yake nusu ya wanawake wa ufuoni. Baadaye nilijua kwamba waliligawana wingu lile: nusu walibaki kukusanya omena wa wote, nusu wakapanda kwetu. Hawakusalimu. Walilizunguka turubai la kwanza, wakakunja kingo ndani kama mtu anayefunga sambusa, Mama Pilista akasema "Haya," nalo likainuka. Walilibeba mpaka ghalani wakiwa wameinama chini ya uzito, wakarudi kwa la pili. Lile la tatu lilipasuka kidogo mlangoni, tope likamwagika kwenye miguu ya Mama Pilista, lakini ndani ya ghala, juu ya sakafu, pasipokuwa na mahali pa kukimbilia. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Tulisimama ndani humo tukipumua, hatusikilizani kwa kelele za mabati, tukitazama maji masafi yakipita mlangoni kuelekea kijitoni. Mama alileta karai na sabuni, akapiga magoti, akamwosha Mama Pilista miguu mpaka ikatakata, na Mama Pilista, aliyezoea kuamrisha kila mtu, alimwachia. Baba alifika amelowa chepechepe, gunia la saruji amelifunika kwa shati lake, akatukuta hivyo. Alisimama mlangoni na kifua wazi, akatazama mmoja mmoja, na alichoweza kusema ni "Asanteni, mama zangu."

Pipa liligandishwa, likazikwa juu ya kilima mbali na kijito. Kama hilo lilitosha, sijui. Sikupata mtu wa kuniambia, na tangu siku zile nimejifunza kutomwamini upesi anayeniambia. Mashua ilipakwa rangi ya kawaida, ikaingia majini kabla likizo haijaisha. Abiria wa kwanza walikuwa wanawake wa omena wakienda kununua samaki Mfangano kwa mikono yao wenyewe, wameketi wima kama wako kanisani. Kinachonijia zaidi kutoka miezi iliyofuata ni jambo dogo. Kila juma baba aliivuta mashua nchi kavu, na chini yake kulikuwa na utando wa kijani, wakati mwingine na konokono wadogo kama punje za mtama. Mombasa kitu hicho kingekuwa adui. Baba alikisugua kwa brashi taratibu, akiwa ameniita niwaondoe konokono kwanza, niwarudishe majini.

Baba yu hai bado. Kifua chake kinamsumbua wakati wa baridi, na madaktari waliokipima wamesema mambo tofauti. Mashua aliiuza kwa familia moja ya Mfangano magoti yake yalipochoka, na wengi wa ufuo ule sasa wanapanda vyombo vya injini vilivyopakwa rangi zinazong'aa, na sijasikia mtu akiuliza kuna nini ndani yake. Mama Pilista tulimzika miaka kadhaa iliyopita, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mdogo ndani ya jeneza. Mimi nimekuwa mpimaji wa maji. Nina chumba chenye friji na mashine Migori mjini, na watu huniletea maji ya visima, mengi kutoka upande wa Macalder ambako dhahabu huoshwa kwa zebaki. Mashine yangu huona vitu ambavyo viluwiluwi vingehitaji mwezi mzima kuvisema. Lakini siku zile ufuo mzima uliona kwa macho yake, ukauliza, ukaamua, ukafukia omena wake siku hiyo hiyo. Leo naandika tarakimu kwenye karatasi, karatasi inakwenda ofisini, na mwenye kisima anabaki ameketi kwenye benchi langu akitazama mdomo wangu. Tumepata majibu sahihi zaidi, na tumepoteza ule mduara wa watu waliosimama kuyasikia.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Nyatike na maji ndani ya chupa ya soda, kifuniko kimefungwa na mfuko wa nailoni. Nilimpimia, nikamsomea tarakimu, nikamweleza kiwango kinachoruhusiwa na kiwango alichonacho. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Wewe ungeyanywa?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, akaniuliza majirani zake atawaambiaje, maana wanakunywa hapo hapo na hawataielewa ile karatasi. Nilitazama saa, nikatazama foleni ya chupa juu ya meza. Kisha nikavua koti la kazi, nikafunga mlango, tukaenda pamoja kuwaita hao majirani.